Jina la Nyumba ya Butembo

Nieleze kwanza kilichouzwa, maana hakikuwa duka, wala lori, wala kiwanja. Kilichouzwa ni jina. Mwaka 2001, hapa Bunia, mji wetu wa Ituri, mtu alitoka Butembo na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha jirani yangu Théodore, akamwambia kwamba akilipa ataruhusiwa kuitwa kwa jina la nyumba ya biashara ambayo si yake. Kwa Kifaransa mambo hayo aliyaita franchise. Sisi tuliita kununua jina, na mpaka leo sijapata neno lililo bora kuliko hilo.

Msomaji aliye mbali atacheka. Nani ananunua jina? Asicheke haraka. Mimi nakumbuka serikali ya Zaire ilivyotuamuru kutupa majina ya ubatizo. Tulipanga mstari mbele ya ofisi, tukatoka na majina mengine, na mkubwa aliyetusimamia akatupongeza kama watu waliopona ugonjwa. Kabla ya hapo Mbelgiji alikuwa amekwisha kuandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho chake. Aliandika Hema, aliandika Lendu, akamkaribisha mmoja shuleni na kumwonyesha mwingine jembe, kisha akapanda ndege. Vijiji vya Djugu vilipoanza kuungua mwaka 1999, wenye bunduki hawakuhitaji kuvumbua chochote. Walisoma tu kile kilichokuwa kimeandikwa.

Baba yake Théodore alikuwa wa kabila moja katika hayo mawili, mama yake wa la pili. Sitaandika yupi alikuwa wa lipi. Kila ninapoisimulia habari hii kuna mtu anayeniomba nianzie hapo, ili ajue kama amlilie au asimlilie. Huyo akae bila kujua.

Kabla ya vita Théodore alikuwa mtu wa kati. Hakuwa na duka na hakumuuzia mama mwenye beseni sokoni. Aliwauzia wale wanaouza. Asubuhi alipita kwenye madepo, yale maghala ya jumla ya mjini, akiuliza nani amepungukiwa na chumvi, nani sabuni, nani maharage, halafu akapanda pikipiki kumtafuta mwenye mzigo, awe Mongbwalu kwa wanunuzi wa dhahabu au kwenye mashamba ya Djugu. Aliwakutanisha, akapata chake, akarudi nyumbani. Mwenye mzigo alimwamini kwa sababu mama yake alikuwa wa kwao. Mwenye depo alimwamini kwa sababu baba yake alikuwa wa kwao. Mungu alikuwa amemtengenezea kazi kabla hajazaliwa.

Vita vikaigeuza ileile baraka. Depo za kabila hili zikaacha kununua kwa kabila lile. Mji ukakatika kama mkate, mtaa huu wenu, mtaa huu wetu, na katikati hapakubaki mahali pa mtu kusimama. Kila kizuizi barabarani kilikuwa na swali moja: baba yako nani, mama yako nani. Watu wengine walikuwa na jibu baya upande mmoja na jibu zuri upande wa pili. Théodore alikuwa na jibu baya pande zote. Pikipiki alinyang'anywa karibu na Mongbwalu, na aliyemnyang'anya alimwambia ashukuru kwamba ni pikipiki tu. Akarudi kwa miguu, akakaa nyumbani na mkewe Bibiane, watoto, na mama yake, Mama Honorine. Bibiane kwao ni Nia-Nia, kwenye barabara ya Kisangani, mbali na ugomvi wa makabila haya mawili. Ndiye aliyewalisha miezi hiyo kwa kuuza mafuta ya mawese.

Ndipo akaja Delphin, yule mwenye shati la pasi.

Alitumwa na nyumba ya Butembo iitwayo Maison Mapambazuko. Nyumba hiyo ilikuwa na malori, na katika kila mji ilitafuta mtu wa kuweka foni, yaani redio ya kuongea na miji mingine, ile yenye waya mrefu juu ya miti miwili. Wateja wangekuwa wafanyabiashara peke yao. Mwenye depo anakuja, anasema anataka magunia ya chumvi, foni inaita Butembo au Beni, mzigo unapakiwa, unafika kwa jina la Mapambazuko, unagawanywa. Mwenye kununua jina anapata foni, paneli ya jua, betri, kibao cha kupaka rangi, mafunzo Butembo, na haki ya kuwa peke yake Bunia yote mpaka Mongbwalu. Naye analipa kiingilio, anatoa sehemu ya pato lake kila mwezi, na anafungwa kwa kontra, yaani mkataba, wa miaka mitano.

Théodore alitaka kusema ndiyo kabla chai haijapoa. Bibiane ndiye aliyesogeza kiti.

Nilikuwepo, nikamwangalia yule mwanamke akimpepeta yule bwana kama mchele. Alimuuliza, barabara ikifungwa na mzigo ukioza njiani Komanda, nani anakula hasara. Delphin akasema nyumba inamsaidia mwenzake. Bibiane akasema hajauliza habari za msaada, ameuliza hasara. Ikaonekana kwamba hasara ni ya mwenye kibao. Akauliza betri ikifa inanunuliwa wapi. Butembo tu, kwa bei ya Butembo. Akauliza wateja ambao mume wake atawatafuta kwa miguu yake, siku wakiachana na nyumba, ni wateja wa nani. Delphin akanywa chai kidogo, akasema wateja wanafuata jina.

“Basi siye tutalima shamba,” Bibiane akasema, “na siku ya kwenda tunaacha na mihogo ndani.”

Delphin alicheka vizuri, bila hasira. Alikuwa mtu wa heshima, sina la kumsema. Alisema shamba lenyewe kwa sasa halina mtu anayethubutu kulilima, na kwamba mihogo mitano ya mwenye ruhusa ni bora kuliko shamba zima la mtu anayefukuzwa. Hapo alimgusa Théodore mahali penye kidonda, nami nikaona.

Bibiane akataka kuongea na mtu aliyekwisha kununua jina hilo. Delphin akamtaja Dady wa Nia-Nia, akatupeleka kwenye foni ya rafiki yake karibu na uwanja wa ndege, akaita. Sasa asiyejua foni ajue hivi: ukiongea, kila mwenye redio kwenye njia ileile anakusikia, kuanzia tajiri wa Butembo mpaka mpishi wa padri. Dady akasema kwa sauti ya kusoma Injili kwamba kila kitu kiko sawa, nyumba ni nzuri, anawasalimu wakubwa. Tulipotoka Théodore alikuwa anang'aa. Bibiane akamuuliza kama amewahi kusikia mtu akimsema bosi wake bosi akiwa amesimama mlangoni.

Akafanya kwa njia yake. Alimwandama dereva wa lori la mawese, mtu wa kijiji chao, akampa ujumbe wa mdomo kwa Dady na kilo ya maharage kwa kumshukuru. Tukasubiri. Siku zile za kusubiri ndizo zilizokuwa za mabishano. Mama Honorine alichambua maharage, Théodore alizunguka ua, nami nilisema yangu. Nilimwambia Théodore kwamba anakwenda kuwa mpangaji ndani ya mdomo wake mwenyewe. Atatoa jasho Bunia, na tajiri ambaye hajawahi kumwona atashiba Butembo. Nilimkumbusha mashamba ya kahawa, Mzungu alivyotupatia mbegu, akatuuzia mfuko, akapanga bei, halafu akatuita washirika. Bwana, nilisema vizuri siku hiyo, kama nilivyozoea kwenye mikutano yangu ya siasa.

“Kaka,” Théodore akanijibu, “weye meeting yako ikiisha unarudi kwako. Mimi narudi wapi?”

Watu walicheka, nami nikacheka.

Dereva akarudi. Ujumbe wa Dady wa kweli ulikuwa huu: jina linavuta wateja, hilo si uongo. Nyumba inakula sana. Betri ni mwizi. Msikubali kulipa sehemu ya mwezi ambao barabara imefungwa, yeye alikubali na bado anajuta. Halafu dereva akaongeza, kama kitu kidogo alichokuwa karibu kukisahau, kwamba Dady anasema tangu apake kile kibao, kwenye vizuizi hawamuulizi tena kijiji chake. Wanasema, huyo ni Mapambazuko, apite.

Théodore akaketi chini. Hayo mengine yote, hasara, betri, mihogo, yakafutika usoni pake. Nilimwona mtu akiamua. Alitaka kuwa mtu ambaye ukimuuliza ni nani, anakujibu kwa jina ambalo halina baba wala mama.

Mama Honorine aliacha kuchambua maharage. Aliweka ungo pembeni.

“Jina uko nalo,” akamwambia mwanawe. “Baba yako alikupatia.”

“Mama, ile jina inaua.”

“Na hii ya kununua, weye unaijua mama yake?”

Théodore alidhani mama anaongea kama wazee wanavyoongea, akamwitikia kwa upole, akamshika bega. Hakuna aliyelishika lile swali. Tulikuwa tumeuliza habari za betri mpaka tukachoka, tumeuliza barabara, hasara, miaka mitano. Jina lenyewe tulilisikia kama neno zuri la Kiswahili, mapambazuko, asubuhi inaanza, nani atagombana na asubuhi? Kwamba jina lilikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa wa Butembo, na Butembo ni mji wa Wanande, na Wanande nao ni kabila kama kabila lolote siku bunduki zikiamua hivyo, hilo halikuja kinywani mwa mtu. Mwaka 2001 Wanande walikuwa wanapita kila mahali. Walikuwa wafanyabiashara. Tuliwahesabu kama mvua, kitu kinachonyeshea mitaa yote.

Bibiane alipigania mambo mawili akayapata: mwezi wa barabara kufungwa haulipiwi, na betri ya kwanza ni mali ya nyumba ya Butembo. La wateja alishindwa. Mabati waliyokuwa wameyaweka kwa ajili ya kujenga yakauzwa kuwa kiingilio, na Mama Honorine akaendelea kulala chini ya paa la nyasi. Théodore alikwenda Butembo, akarudi amejifunza kuongea kwenye foni, polepole, akikata maneno. Kibao kikapakwa, jua la njano juu ya kijani. Kontra ilisema kwenye foni isisikike lugha ya kabila lolote, Kiswahili na Kifaransa tu. Théodore aliisoma sehemu hiyo kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayesomewa msamaha.

Na ikafanya kazi. Ningependa kuandika kwamba haikufanya kazi, habari ingekuwa fupi na mimi ningekuwa nimeshinda mabishano. Lakini ilifanya. Alphonse, mwenye depo ya chumvi, na Micheline, mwenye depo ya maharage, walikuwa wa makabila yale mawili, na kabla ya vita waliimba pamoja katika kwaya moja. Sasa Alphonse asingeweza kuvuka kijito cha Nyamukau kwenda kwa Micheline, wala Micheline kuja kwake. Kwa Mapambazuko chumvi ya Alphonse ilivuka kama chumvi ya Mapambazuko, na maharage ya Micheline yakaja kama maharage ya Mapambazuko. Hakuna aliyemuuzia adui. Wote waliiuzia asubuhi.

Micheline alikuwa na mdomo. Akija kuchukua mzigo alimwambia Théodore, “Uambie ule mutu ya chumvi, ule mimi simujue, asipande ngazi na ile goti yake.” Kesho Alphonse alijibu kwamba hamjui mwanamke yeyote wa maharage, lakini kama yuko, apunguze mawe katika gunia. Théodore alipeleka maneno hayo pamoja na mizigo, bila malipo. Siku moja nilimkuta amekaa karibu na foni mchana, hakuna mteja, anacheka peke yake. Aliniambia kwamba sasa anaelewa kwa nini alizaliwa. Alipita kwenye vizuizi na hawakumuuliza. “Mapambazuko, pita.” Alinenepa kidogo. Aliacha kushtuka mlango ukigongwa.

Sikumwambia lolote tena kuhusu tajiri wa Butembo. Mtu aliyepata usingizi humwamshi kwa siasa.

Mwaka 2002 wakubwa wa vita wakagombana. Sitawataja. Walikuwa wamekaa meza moja wakigawana ushuru wa forodha na dhahabu, wakagombania sahani. Wenye bunduki waliobaki na nguvu mjini walikuwa wa kabila la Mama Honorine. Wale waliosukumwa nje walikuwa na marafiki upande wa Butembo. Ilitosha. Ghafla mitaani likaanza neno jipya: wageni. Wageni wamekula Ituri. Wageni wamejaza maduka. Watu waliokuwa mvua wakawa wageni kati ya Jumapili na Jumapili. Muuza viatu Mnande aliyekaa Bunia tangu mimi nikiwa kijana alikuta mlango wake umechorwa msalaba kwa makaa. Akafunga, akaondoka na familia kwa miguu kuelekea Beni.

Bibiane akamwambia mume wake ashushe kibao.

Yakaanza mashauri ya pili, na haya hayakuwa na chai. Kushusha kibao, kontra ilisema, ni kuvunja. Foni inarudi Butembo, kiingilio kinapotea, Bunia inauziwa mwingine. Bibiane akasema foni irudi, mabati yamekwisha kwenda, watakula mawese kama zamani. Théodore akaiita Butembo. Delphin akaja kwenye foni, na kwa kuwa njia nzima ilikuwa inasikiliza, aliongea kama Dady alivyoongea: jina linajulikana na watu wote, msiwe na hofu, nyumba inawaombea. Sijui moyoni alikuwa anasema nini. Labda na yeye alikuwa na mtu amesimama mlangoni.

Nilimwambia Théodore amsikilize mke wake. Alinijibu bila kuniangalia, akifuta vumbi kwenye redio ambayo haikuwa na vumbi.

“Nikishusha, kesho wananiuliza tena, baba yako nani. Ulishasahau ile swali? Mimi sikusahau.”

Hapo ndipo palipokuwa mzani wote, wala si kwenye kontra. Upande mmoja jina la kununua, ambalo lilikuwa limeanza kunuka. Upande mwingine jina la kuzaliwa, ambalo alilijua vizuri lilivyo. Alichagua lile lililowahi kumpa mwaka mmoja wa usingizi. Bibiane akampa siku chache, akafunga nguo za watoto kwenye kitambaa, akaziweka nyuma ya mlango. Mama Honorine akasema yeye haendi popote, wenye bunduki ni watu wake, lugha ni moja, ikibidi ataongea nao.

Walikuja mwezi wa nane, asubuhi, jua limekwisha kutoka. Bibiane alikuwa nyuma ya nyumba na watoto, alisikia kila kitu kupitia ukuta wa miti, na ndiye aliyenisimulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelazwa ndani ya mfereji mtaa wa pili na mtu aliyenikanyaga mgongo.

Kiongozi wao aliuliza mwenye Mapambazuko ni nani. Théodore akatoka. Akaambiwa, weye ni mutu ya Butembo. Akasema hapana, yeye ni mtu wa Bunia, jina ni la kazi tu, amelinunua. Mmoja akacheka, akawauliza wenzake kama wamewahi kusikia mtu ananunua jina. Théodore akaanza kueleza. Bibiane anasema alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama walivyomfundisha Butembo, kiingilio, foni, haki ya kuwa peke yake, na kwamba kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo.

Ndipo Mama Honorine akatoka kwenye nyumba ya nyasi. Aliongea nao kwa lugha yake, lugha yao. Bibiane hakuijua vizuri lakini maneno hayo aliyajua: huyu nimemzaa mimi. Kiongozi akabadilika sauti. Akamwita mama. Akamuuliza habari za ukoo wake, kilima gani, ukoo gani, naye akajibu, na mmoja wa wale vijana akasema anawajua watu hao, ni watu wazuri. Nyuma ya ukuta Bibiane akaanza kupumua.

Kisha kiongozi akauliza, bado kwa heshima, bado kwa lugha ile, baba yake alikuwa nani.

Mama Honorine hakujibu. Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameolewa na mtu yule kwa ng'ombe wa mahari, alikuwa amemzika, na labda kumkana mbele ya mwanawe hakukutoka mdomoni upesi kama ilivyotakiwa. Yule kijana aliyewajua watu wa ukoo wake akasema, kwa Kiswahili sasa, ili Théodore naye asikie vizuri.

“Kama iko wetu, juu ya nini alijificha mu jina ya batu bengine?”

Hilo ndilo swali. Mimi nimelijibu mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye mikutano, mbele ya wazungu wa kofia za buluu, mbele ya mahakimu ambao hawakuniita. Alijificha kwa sababu yenu. Alijificha kwa sababu mliweka kizuizi kwenye kila barabara na kwenye kila kizuizi mkaweka swali moja, na mtu akitafuta jibu ambalo halitamuua mnasema ana kitu anachoficha. Lakini mimi sikuwepo pale, na Théodore hakujibu hivyo. Bibiane anasema alimwambia mama yake arudi ndani, jua ni kali.

Wakamchukua. Foni wakaichukua pia, na paneli. Kibao hawakukigusa, mtu mwingine alikuja baadaye akakifanya kuni. Bibiane alikwenda na watoto kwa njia ya Komanda na Mambasa mpaka kwao, na mtoto mdogo akafa njiani kwa homa. Alphonse na Micheline hawakupelekeana tena chumvi wala maharage. Nyumba ya Butembo ilituma salamu za pole mwaka uliofuata, na ndani ya salamu hizo swali kuhusu betri, ambayo Bibiane alikuwa amepigania ihesabiwe kuwa mali ya nyumba hiyo. Niliwajibu mimi. Sitaandika nilichojibu.

Mama Honorine alibaki. Kila asubuhi alikwenda kwenye kambi yao kumuulizia mwanawe. Alikwenda bila woga, hakuna aliyemsukuma. Walimpa kiti. Walimwita mama, walimwulizia afya, mmoja alimletea sukari. Aliwauliza kwa lugha yao mwanangu yuko wapi, nao wakamjibu kwa lugha ileile, kwa upole, kwamba hawajui, mama, pengine ni wengine waliompeleka, mama, kesho tutauliza. Siku moja mkubwa wao alimwambia, kama mtu anayempa mwanamke faraja, kwamba yeye bado ni wao, asihuzunike, ukoo haupotei, atatunzwa.

Alirudi nyumbani akaketi nje. Nilimpelekea uji. Alinishukuru kwa Kiswahili.

Hakwenda tena kambini, na si kambi peke yake aliyoiacha, aliiacha na lugha ya kwao. Watu wa ukoo wake walipokuja kumsalimia, wanawake aliocheza nao utotoni, walimwamkia kwa lugha ya nyumbani, naye akawaangalia akasema, “Sisikie.” Walidhani amekuwa kiziwi. Wakapaza sauti. Akawaambia kwa Kiswahili wakae, wanywe chai, waeleze habari za watoto, lakini waongee lugha ambayo na marehemu mume wake aliisikia. Mmoja alilia, akasema huo ni wazimu, lugha ni maziwa ya mama. Mama Honorine akamwongezea sukari.

Aliishi hivyo miaka minne. Alipokuwa anakufa, shangazi wa ukoo alikaa karibu na kitanda akimwimbia kwa ile lugha, polepole, wimbo ambao huko kwao wanawaimbia wanaoondoka. Mama Honorine alikuwa amefumba macho. Alinyoosha mkono, akatafuta mdomo wa yule shangazi, akaufunika kwa kiganja, akauacha mkono pale mpaka wimbo ukaisha.